Namna ya Kulipima Neno la Chuki Kabla ya Kulitafsiri

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani wa mtafiti mgeni aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Mikindani, na asubuhi moja tulikaa barazani kwa bibi aliyekuwa akieleza jinsi shamba la nyumba yao lilivyogawanywa baada ya kaka yake kufariki. Alipofika kwenye siku ambayo wifi yake aliukata mwembe wa mpakani bila kumwambia lolote, alisema, "Nilichukia sana, mjukuu wangu." Nami, kwa pupa ya mtu anayefasiri huku masikio yakingoja sentensi inayofuata, nikamwambia mgeni kwa Kiingereza kwamba bibi alimchukia sana wifi yake. Tangu hapo maswali yote yakageuka: uadui huo ulianza lini, ulidumu miaka mingapi, nani aliusuluhisha. Bibi akaacha kusuka ukili aliokuwa nao mkononi, akanitazama mimi wala si mgeni, akauliza, "Uadui na nani tena?"

Kosa lilikuwa la kiambishi kimoja. Bibi hakusema "nilimchukia". Alisema "nilichukia", na maneno hayo mawili, ingawa yanafanana kwa macho, hayaelezi hali moja ya moyo. Mwongozo huu nimewaandikia wanaofanya kazi ya namna ile: wakalimani, makatibu wa mabaraza ya usuluhishi, walimu wanaokusanya msamiati wa lugha za nyumbani, na yeyote wa Mtwara au Lindi anayekaa kwenye mkeka mmoja na watu wanaowaza kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua kisha wakasema kwa Kiswahili, wakati mwingine akiwapo na mgeni wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, anayetia Kireno katikati.

Anza kwa kukipima Kiswahili chako

Watu wengi wanaotaka kulinganisha maneno ya chuki hukimbilia kamusi za lugha za kigeni, wakidhani kwamba Kiswahili wanakijua tayari. Usifanye hivyo. Chukua daftari, andika kitenzi "chukia" katikati ya ukurasa, kisha ukizungushie sentensi ulizozisikia kwa masikio yako, wala si zile unazozitunga. Baada ya wiki moja utaona kwamba sentensi hizo zinajigawa zenyewe katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la "amechukia", "alichukia", "usichukie". Hapa kitenzi hakina kiambishi cha mtendwa, na mara nyingi kimebeba wakati uliopo timilifu, kama vile tunavyosema "amechoka" au "amenuna". Maana yake ni kwamba jambo fulani limetokea, likamuuma mtu, naye sasa amekasirika. Yawezekana ikifika jioni atakuwa amekwisha kusahau. Ndiyo maana mtu aliyezidisha mzaha huomba radhi kwa kusema, "Usichukie, shemeji, nilikuwa nakutania." Hakuna anayemwomba shemeji yake asimfanye adui wa kudumu kwa sababu ya mzaha mmoja, anamwomba tu asikunje uso. Kundi la pili ni la "anamchukia", "wananichukia", "humchukia". Hapa mtendwa yumo ndani ya kitenzi, na hali inayoelezwa haikuzaliwa leo wala haitarajiwi kwisha kesho.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii, basi, ni kusikiliza kiambishi. Kabla ya kuandika chuki, jiulize kama msemaji amemtaja anayechukiwa ndani ya kitenzi. Kama hakumtaja, elekea kwenye hasira, uchungu au maudhi mpaka maelezo yanayofuata yakukatalie.

Kwa wale waliozaliwa karibuni kanuni hii ni ngumu kidogo kuliko ilivyokuwa kwetu, na sababu yake nadhani naijua. Vijana wa bodaboda na wa stendi hawasemi tena "amechukia" kwa maana ya kukasirika. Wanasema "amemaindi", na badala ya "usichukie" wanasema "usimaindi". Neno hilo jipya limeutwaa mzigo mwepesi wa kitenzi cha zamani, likakiachia ule mzito peke yake. Matokeo yake ni kwamba mjukuu anayesikia bibi yake akisema "nilichukia" hulisikia neno zito kuliko alivyokusudia mzee. Mimi mwenyewe nilikuwa mjukuu wa namna hiyo pale Mikindani, ijapokuwa nilikuwa na mvi tayari.

Ukimaliza na kitenzi, nenda kwa majirani zake. Kinyongo ni uchungu uliofungwa na kuhifadhiwa. Mwenye nacho anaweza kukuchekea na kukukaribisha chakula, huku akikumbuka siku na saa uliyomkosea. Donge ni karibu na kinyongo, lakini huhisiwa kooni, tena wasemaji hulitumia zaidi pale mtu anapoona mwenziwe akifanikiwa. Husuda haihitaji kosa lolote, na methali yetu imelisema hilo kwa maneno matatu: hasidi hana sababu. Kijicho ni husuda iliyopanda machoni. Kinyaa ni cha uchafu na vitu vinavyotia kichefuchefu, na mtu anayesema kwamba anamwonea mwenziwe kinyaa amekwisha kumshusha kutoka daraja ya watu hadi daraja ya takataka, jambo ambalo mkalimani hapaswi kulipitia juu juu. Uhasama na uadui ni vya pande mbili na huonekana kwa nje: watu hawaamkiani, hawazikani, hawakopeshani chumvi. Bifu ni uhasama wa vijana na wanamuziki, ambao mara nyingi una watazamaji.

Pia pana njia ya kutamka chuki kwa kukanusha upendo. "Hanipendi", "hanitaki", "damu zetu haziendani", "hawapikiki chungu kimoja": semi hizi zote zinaweza kufunika chuki kali au kutopatana kwa kawaida tu, na msemaji huzichagua kwa sababu zinamwachia nafasi ya kurudi nyuma. Ukizitafsiri moja kwa moja kuwa chuki umemnyang'anya nafasi hiyo. Kinyume chake ni msemo wa maofisini na wa mikutano ya vijiji, "chuki binafsi", ambao kila mara hutumika kueleza nia ya mtu mwingine. Sijapata kumsikia mtu akisema, "Mimi nina chuki binafsi na fulani." Uandike msemo huo kama tuhuma, wala usiuandike kama habari ya moyo wa anayetuhumiwa.

Mwisho wa hatua hii, yatenge majina ya watu. Anayeitwa "mgomvi wangu" ni yule niliyekosana naye na huenda tukapatana. "Mbaya wangu" ananitakia mabaya na huenda anayatenda kwa siri. "Hasidi" anaumizwa na neema yangu. "Hasimu" tunapingana waziwazi, hata katika uchaguzi au mpira. "Adui" ni neno zito linalowatosha wote hao na shetani pia. Mzee akikueleza habari za mtu kwa jina mojawapo kati ya hayo, amekwisha kukupa nusu ya tafsiri bila kuombwa.

Maswali manne ya kuuliza

Kipimo ninachokitumia si changu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika katika kitabu cha pili cha Retorika, maandishi yake juu ya ufundi wa kusema, tofauti kati ya hasira na chuki, na tofauti hiyo inafanya kazi hata chini ya mkorosho. Alisema kwamba hasira humwelekea mtu fulani aliyetukosea, ilhali chuki inaweza kuwaelekea watu wa aina nzima, kama vile kila mtu anavyomchukia mwizi. Kwamba hasira huponywa na muda, lakini chuki haiponi. Kwamba mwenye hasira anataka mkosaji aumie na ajue kuwa ameumizwa, lakini mwenye chuki anataka tu mwenziwe asiwepo. Na kwamba hasira humuuma aliye nayo, ilhali chuki inaweza kukaa bila maumivu yoyote.

Hayo nimeyageuza kuwa maswali manne: hisia hii inamlenga nani, mtu mmoja au kundi? Muda unaipunguza au unaiacha palepale? Mwenye nayo anataka nini kimpate yule mwingine? Na je, yeye mwenyewe anaumia? Jaribu kuyatumia kwa kinyongo. Kinalenga mtu mmoja kama hasira, lakini, sawa na chuki, hakipunguzwi na muda; anayekiweka huumia, na anachokitaka kwa kawaida ni kulipiza au kuombwa radhi. Kinyongo kimekaa katikati, na ndiyo sababu neno la hasira halikivai sawasawa, wala neno la chuki. Husuda nayo humuuma mwenye nayo kupita kiasi, na anachokitaka si mtu aondoke bali neema yake iondoke.

Nimeona kwamba swali la tatu ndilo linalotoa majibu mengi. Mtu akiulizwa "unamchukia?" atajitetea, lakini akiulizwa "ungependa afanywe nini?" atasema kweli bila kujijua. Mmoja atajibu, "Aje aniombe radhi mbele ya watu." Mwingine atajibu, "Ahame tu." Hao wawili wametumia kitenzi kilekile kwa hali mbili tofauti, na tafsiri zao hazipaswi kufanana.

Namna ya kumuuliza mzee kwa lugha yake

Ukiwa unakusanya maneno ya Kimwera huko Nachingwea au ya Kimakonde juu ya uwanda wa Newala, usianze kwa kuuliza, "Chuki mnaiitaje?" Swali hilo humlazimisha mzee atafute neno moja la kukufurahisha, naye atakupa la kwanza linalomjia, ambalo mara nyingi ni neno la hasira au la kukataa. Badala yake, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, msimulie kisa, kisha umwombe akimalizie kwa lugha yake mwenyewe.

Kisa ninachokitumia ni cha mikorosho, kwa sababu hakuna asiyekijua. Mzee amefariki akaacha mikorosho. Watoto wake wanasema ni yao, na mpwa wake, mtoto wa dada yake, anasema desturi inampa yeye. Jamii nyingi za kusini kwa asili zinafuata ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na neno kubwa juu ya wapwa kuliko baba yao, kwa hiyo mgongano huu si wa kubuni. Msimulie hatua kwa hatua. Siku ya kwanza mpwa anasikia kwamba hakutajwa, anahisi nini? Msimu mzima unapita naye haendi kwao; sasa anahisi nini? Miaka 10 baadaye anasikia kwamba mtoto wa mjomba wake ameanguka kutoka mtini, naye anacheka. Hicho kicheko kinatoka kwenye nini? Kila hatua itakupa neno, na utashangaa kuona mahali ambapo neno linabadilika. Katika baadhi ya lugha hubadilika kati ya hatua ya kwanza na ya pili, na katika nyingine haliji mpaka kicheko.

Rekodi kwa simu ukiruhusiwa, lakini andika vilevile kwa mkono, kwa kuwa sauti haitakuonyesha mkono uliowekwa kifuani. Uliza hisia hiyo inakaa wapi mwilini: moyoni, rohoni, tumboni, jichoni au kooni. Uliza vitenzi kabla ya nomino, kwa sababu nomino za hisia hubuniwa kwa urahisi mbele ya mgeni mwenye kalamu. Uliza pia kama neno hilo linaweza kutumika kwa chakula. Mwingereza husema kwamba anachukia bamia kwa kitenzi kilekile anachokitumia kwa adui wa taifa lake, naye hashangazi mtu. Kwa Kiswahili mtu mzima husema "sili bamia" au "sipendi bamia", na akisema anaichukia tutadhani iliwahi kumlaza hospitali.

Jihadhari na vitenzi vya kukataa na vya kutendana, maana katika lugha za Kibantu ndiyo milango inayopitiwa sana. Kinyarwanda kina kitenzi kimoja, "kwanga", chenye maana ya kukataa na ya kuchukia pia, na nomino yake "urwango" ndiyo chuki. Kichewa husema "kudana", kwa umbo la kutendana, kana kwamba hata chuki ya mmoja inahitaji wawili, na chuki yenyewe ni "chidani". Kishona kina "kuvenga", na chuki ni "ruvengo". Mzee wako akikupa kitenzi, kiweke katika hali ya kutendwa, ya kutendana na ya kutendesha, kisha umuulize kila umbo lina maana gani. Sisi wenyewe tunalijua hilo: "kuchukiza" kwetu hakumaanishi kumfanya mtu achukie watu, bali kumuudhi au kumtia karaha, na "machukizo" ya vitabu vya dini ni mambo yanayotia kinyaa mbele za Mungu.

Unapovuka kwenda lugha za mbali

Kiarabu kitakudanganya kuliko lugha nyingine yoyote, kwa kuwa tumekopa kwake maneno mengi na tunadhani tulikopa pamoja na maana. Neno "bughudha" kwa Kiarabu ni chuki nzito, lakini kwetu anayesema "usinibughudhi" anataka tu aachwe asome gazeti lake. Mzizi wa karaha umetupa pia "kukirihi" na "makuruhi", jambo ambalo sheria ya Kiislamu hailiharamishi bali hulichukulia kuwa ni bora kuliacha. "Husuda" imebaki na ukali wake katika jina la hasidi, ila kitenzi chake kimepotoka kwa namna ya kuchekesha: mtu anaweza kusema kwamba vijana wanamhusudu mchezaji fulani, akimaanisha kuwa wanampenda mno na kumwona kama mfano wa kuigwa. Ukimfasiria Mwarabu sentensi hiyo neno kwa neno, umemfanya mchezaji ahitaji kinga. Kiarabu pia kina maneno ambayo hatukuyachukua, mojawapo likiwa lile la aya ya 8 ya Sura ya Al-Maida, inayowaonya waumini kwamba chuki yao juu ya watu fulani isiwapeleke kwenye kutotenda haki. Hapo chuki ni ya kundi, na Aristotle angeitambua mara moja.

Kwa Kiebrania na Kigiriki cha Biblia, njia iliyo salama ni kutafuta sehemu mbili zinazosema jambo moja. Injili ya Luka, sura ya 14 mstari wa 26, inamtaka mfuasi amchukie baba yake na mama yake, na wahubiri wengi wamehangaika nayo. Mathayo, sura ya 10 mstari wa 37, inasema kwamba anayempenda baba au mama kuliko Yesu hamstahili. Ukiziweka pamoja unaona kwamba chuki ya Luka ni ya daraja: kumpenda mmoja chini ya mwingine. Kitabu cha Mwanzo kinatumia neno la mzizi wa chuki kwa Lea, ambaye Yakobo alizaa naye watoto wengi, kwa maana kwamba hakuwa kipenzi kama Raheli. Wake wenza wa Lindi hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Kireno kinatuhusu zaidi kwa sababu ya mpaka. Chuki ni "ódio", iliyotoka katika "odium" ya Kilatini, na "raiva" ni hasira kali na pia jina la ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mtu wa Msumbiji akisema ana "raiva" na jirani yake usimwandikie chuki kabla hujamuuliza maswali yale manne. Angalia pia kitenzi "aborrecer": kwa Kihispania ni kuchukia kabisa, na kwa Kireno cha leo ni kuudhi au kuchosha tu, ingawa herufi ni zilezile.

Kilatini chenyewe kina ajabu moja ya sarufi inayotufaa. Kitenzi chake cha kuchukia, "odi", kina umbo la wakati timilifu lakini maana yake ni ya wakati uliopo, kana kwamba msemaji anasema "nimekwisha kuchukia na ndivyo nilivyo". Sisi wa "amechukia" tunaweza kulielewa umbo hilo haraka kuliko Mwingereza, ila tukumbuke kwamba timilifu yetu ni nyepesi na yao ilikuwa nzito.

Asili ya neno inavutia, na wasomi hupenda kuishia hapo, lakini haitoshi kukuambia maana ya leo. "Hate" ya Kiingereza na "Hass" ya Kijerumani zina undugu wa mbali na neno la Kigiriki la kale lililomaanisha huzuni na hasa majonzi ya msiba. Mfaransa, ambaye lugha yake ni mtoto wa Kilatini, hakurithi "odium" kwa chuki yenyewe. Neno lake "haine" lilitoka kwa Wafranki, watu wa lugha ya jamii ya Kijerumani, ilhali maneno ya Kilatini ya kuonyesha kwamba kitu kinachukiza yalizaa "ennui", ambayo leo ni kuchoshwa na maisha. Kisanskriti kilikuwa na "ghrina", neno lililoweza kumaanisha huruma na pia karaha. Katika Kihindi cha leo huruma imepotea na imebaki chuki. Anayetafsiri kwa kufuata mzizi ataishia kuwapa watu huruma walipokuwa wanatukanana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mashariki ya Mbali. Wachina, Wakorea na Wajapani walitumia herufi moja, ambayo upande wake mmoja ni alama ya moyo. Kwa Kichina inasomwa "hen", nayo ni chuki, na katika maandishi ya kale pia majuto. Kwa Kikorea ni "han", uchungu wa muda mrefu wa mtu aliyedhulumiwa asiweze kujitetea, ambao watu wa huko huutaja kama sehemu ya historia yao. Kwa Kijapani ni "urami", kinyongo kinachongoja siku yake. Herufi ni moja, na kwa maswali yetu manne inatoa majibu matatu.

Chuki isiyotaja chuki

Mpaka hapa nimezungumzia maneno yanayotaja hisia. Kazi ya mkalimani huwa ngumu zaidi pale chuki inapotamkwa bila kutajwa, na hakuna mahali palipolionyesha hilo kuliko Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 na kuketi Arusha, nchini mwetu. Katika hukumu ya Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya 1994, majaji walitenga sehemu nzima ya kueleza ugumu wa kutafsiri Kinyarwanda kwa Kifaransa na Kiingereza, na walimsikiliza mtaalamu wa isimu kuhusu maneno kama "inyenzi". Kwa kamusi, "inyenzi" ni mende. Katika redio na mikutano ya mwaka 1994 neno hilo liliwaita Watutsi kitu cha kukanyagwa. Mkalimani aliyeandika "mende" bila kueleza muktadha hakukosea neno, ila alikosea jambo lote.

Kwa hiyo, unapokutana na jina la mnyama, mdudu au uchafu lililowekwa juu ya kundi la watu, fanya mambo mawili: liandike kama lilivyotamkwa, kisha ueleze lilitumiwaje siku hiyo, mbele ya nani na baada ya tukio gani. Sheria nazo zinaangalia hapo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, katika kifungu cha 20, unataka upigwe marufuku uenezaji wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya dini unaochochea ubaguzi, uhasama au ukatili, na Kenya iliweka kosa la matamshi ya chuki katika sheria yake ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008. Kote huko swali ni kama maneno yalichochea dhidi ya kundi. Hasira ya mtu mmoja kwa jirani yake haimo.

Kwetu pana hatari ya upande wa pili, nayo ni utani. Makabila yenye utani huambiana maneno ambayo yakiandikwa makavu yangempeleka mtu mahakamani: mtani huja msibani, akamtukana marehemu mbele ya wafiwa, akawaita watu wa kabila lake walafi na wachawi, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mgeni anayerekodi hapo bila kuambiwa atarudi kwao na ushahidi wa chuki za kikabila. Weka alama ya utani kando ya kila sentensi ya namna hiyo, na ukiwa huna hakika, angalia kama anayetukanwa ana haki ya kujibu kwa matusi yaleyale. Katika utani anayo.

Kuandika kadi ya neno

Kila neno ulipatie kadi yake. Juu andika sentensi nzima kama ilivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, kisha ni nani alisema akimwambia nani, kwa uhusiano wao na bila majina ya watu wa nyumba hiyo. Chini yake andika kilichotangulia na kilichofuata, majibu ya maswali manne, na mahali mwilini panapotajwa. Baada ya hapo ndipo uandike tafsiri unayoichagua, na kando yake tafsiri uliyoikataa pamoja na sababu ya kuikataa. Hiyo ya mwisho watu huiona kama kazi ya ziada, ila mimi naithamini kuliko zote, kwa kuwa atakayekuja baada yako atashawishika kuandika neno lilelile ulilolitupa.

Ukipata nafasi, irudishe kadi kwa msemaji na umsomee. Yangu ya Mikindani niliirudisha mwezi uliofuata, nikiwa peke yangu. Sentensi: "Nilichukia sana, mjukuu wangu." Anayelengwa: hakutajwa katika kitenzi. Muda: siku moja, pengine mbili. Alichokitaka: kuambiwa kabla ya mti kukatwa. Tafsiri iliyokataliwa: nilimchukia. Tafsiri iliyochaguliwa: nilikasirika na kuumia.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanirekebisha kwenye muda. "Siku mbili zilikuwa nyingi," alisema. "Jioni ileile wifi alileta ming'oko, nikaipika, tukala wote." Nilifuta, nikaandika: mpaka jioni.